Furushi la Tisa

Mafurushi yaliyotoka nyumbani kwa Bibi Sanobar siku ya posa yalikuwa manane, na manane ndiyo yaliyofika kwa wakwe. Kwa idadi hakuna aliyekosea. Ndiyo maana simu ilipolia asubuhi ya pili yake, Gavhar, mkaza mwana wa bibi, aliipokea huku anatabasamu, mkono mmoja bado una unga, akijua anakwenda kushukuriwa.

"Mama Zebo," ilisema sauti ya Hafiza, na salamu haikutangulia. "Sisi tulikuja kwenu kuomba bibi harusi. Mbona mmetuletea maiti?"

"Astaghafirullahi! Maiti gani tena, dada yangu?"

"Nenda kaangalie ulichobakiza. Nimekalisha wanawake kumi na watano hapa, wote wamenyoosha shingo, nikafungua furushi la juu kabisa mbele yao. Joho la mume wangu mliloahidi halimo. Mna kafuri. Mna sabuni ya kuoshea. Mna sanda, Mama Zebo! Sanda mbili! Mama mkwe wangu amevihesabu vipande kimoja kimoja. Moja ina vitano, ya mwanamke. Nyingine ina vitatu. Hiyo ya mwanamume ni ya nani? Ya mwanangu Jamshid?"

"Wallahi sijui unasema nini. Hebu ngoja..."

"Singoji. Nusu ya mkate wenu iko kabatini kwangu. Natafuta tu mtu wa kuirudisha."

Simu ikakatwa. Gavhar alibaki ameishika sikioni, unga ukimdondokea kwenye kanzu. Mkate ule ulikuwa umevunjwa jana mbele ya wazee wa pande mbili, kila upande ukachukua nusu yake. Nusu ikirudi, posa imekufa, na msichana hubaki na jina ambalo maji ya mfereji mzima hayawezi kulitakasa. Alikimbia chumba cha wageni. Palepale ukutani, furushi moja la kitambaa chekundu cha maua lilikuwa limekaa kimya kama mtu mwenye hatia. Alilifungua. Joho la buluu la baba mkwe mtarajiwa lilikuwa ndani, limekunjwa vizuri, na kofia yake juu.

Gavhar asilaumiwe upesi. Kila mzee kijijini Tutzor ana furushi lake la safari ya mwisho, hiyo si siri wala aibu. Lakini la Bibi Sanobar lilikuwa na mambo. Kwanza, mwenyewe hakutaka achangiwe hata sindano. Sabuni alinunua mwenyewe, taulo za waoshaji mwenyewe, leso za kugawia wanawake watakaokuja kulia mwenyewe, zote kwa pesa ya hariri. Pili, kila mwaka mwezi wa nne lilihamishwa kutoka chumbani kwake, kwa sababu chumba kile ndicho kilichopokea viwavi wa hariri. Na viwavi wa hariri wana madeko kuliko mke mwenye mimba changa: harufu ya kitunguu hawataki, ya sabuni hawataki, ya kafuri ndiyo kabisa, wanakufa nayo. Basi mwaka huu Sanobar alilitia furushi lake chumba cha wageni, kwa siku mbili tu, alisema. Tatu, kile kitambaa cha zamani cha furushi hilo kilikuwa kimetobolewa na nondo, na Gavhar aliporudi sokoni Margilan na jora la kitambaa chekundu cha kufungia zawadi, bibi aliona kitambaa kizuri, akakata kipande chake, na akalipia palepale ingawa Gavhar aliapa kwamba hataki. Hivyo mafurushi tisa yakavaa nguo moja.

Bibi Sanobar mwenyewe wakati huo alikuwa juu ya kigoda, mwenye miaka yake themanini na mmoja, anapaka chokaa ukuta wa chumba cha viwavi. Hakumwamini mtu mwingine kwa kazi hiyo. Alipaka kuzunguka msumari mmoja mkongwe karibu na mlango, msumari usiotundikwa kitu, ambao kila mwaka Gavhar alitaka kuung'oa na kila mwaka aliambiwa auache.

"Mama," Gavhar alisema kutoka mlangoni. "Furushi lako limekwenda kwa wakwe."

Burashi ilianguka. Gavhar alidhani bibi amekasirika, akaanza kujitetea kwa maneno mengi. Lakini kilichompata Sanobar hakikuwa hasira. Alihisi kama mtu aliyevuliwa nguo njiani.

"Wamelifungua?"

"Mbele ya watu kumi na watano."

"Wamefungua kila kitu? Hata kile kifuko kilichoshonwa?"

"Kifuko hakutaja. Ametaja sanda. Anasema ziko mbili, Mama. Anasema moja ni ya mwanamume."

Sanobar aliteremka kigodani polepole, mguu mmoja kisha mwingine, akakataa mkono alioletewa. "Nipe maji ninawe," alisema.

*

Tolib, mwanawe wa mwisho na mume wa Gavhar, aliitwa kutoka shambani. Alikuja na koleo lake begani, akaliweka, akaketi ukingoni mwa kitanda cha uani ambapo familia hula chakula. Ni mtu mrefu na mpole, na kwa mama yake alikuwa bado ana woga wa mtoto wa shule.

"Mama, ya pili ni ya nani?"

"Yangu."

"Mwanamke havikwi vipande vitatu."

"Basi nilikosea kukata."

"Wewe? Umekata vitambaa vya magodoro ya harusi kijiji kizima. Ukosee kukata kitambaa cheupe?"

Sanobar alijifanya anatafuta kitu mfukoni. Tolib aliitazama mikono yake.

"Mwanamume nyumba hii ni mmoja," alisema. "Mwaka juzi nilipoanguka kule Urusi kazini, daktari alizungumza na wewe kwenye simu, mimi nikiwa nimelala. Kama kuna kitu alikuambia kuhusu moyo wangu, niambie leo. Nina binti wa kuoza. Nataka nijue nina muda gani."

Kumbe alikuwa amelibeba hilo tangu alipopata habari, njia nzima kutoka mifereji, peke yake. Sanobar aliumia. Alitaka kumshika kichwa kama zamani, lakini hakuwa mama wa kushika watu vichwa, na mdomo ukamtangulia kama kawaida yake.

"We mlingoti wa umeme! Sanda ile ikikupita magoti mimi nitashangaa. Moyo wako mzima kuliko wangu. Inuka ukale."

Tolib alicheka, akashusha mabega. Kisha kicheko kilimwishia njiani. Aligeuka akatazama mlango wa chumba cha mama yake, ukuta mweupe mbichi, msumari. Alikuwa na miaka kumi mara ya mwisho kuona kitu kimetundikwa pale. Kulikuwa na kaka aliyekuwa akimbeba mabegani, na kaka yule hakuwa mrefu.

Alichukua koleo lake akarudi shambani bila kula.

Zebo ndiye aliyekuja baadaye, macho yamevimba, akapiga magoti kuokota makaratasi ya kutandikia viwavi ambayo bibi yake alikuwa anayapanga. Msichana huyu alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwuguzi wa zahanati, na Jamshid alikuwa amemngoja miaka mitatu amalize masomo, jambo ambalo vijana wa siku hizi hawalifanyi hata kwa dawa.

"Bibi, kama hutaki kuwaeleza, usiende kuwaeleza. Ni mambo yako. Mimi nitakaa tu hapa."

"Utakaa uwe nini?"

"Niwe kama wewe. Babu amekufa miaka mingapi? Umesimama peke yako, umelea watoto, hujamwomba mtu chumvi. Umekosa nini?"

Watu walikuwa wakimsifu Sanobar kwa maneno hayohayo, na yeye huyapokea kama haki yake. Leo yalimchoma. Aliyatazama makaratasi mkononi mwake, akasahau alikuwa anayapanga vipi.

"Nimekosa mtu wa kunibishia," alisema. "Babu yako tukibishana kijiji kizima kinasikia. Rustam naye akisimama upande wa baba yake, mimi peke yangu, na bado nawashinda. Unajua raha ya kitu kama hicho? Hujui. Wewe na mama yako mnaniambia 'sawa, Mama', 'sawa, Bibi', toka asubuhi mpaka jioni. Nimeshiba sawa."

Zebo hakuwa amewahi kumsikia akilitaja jina la Rustam. Alijua tu kwamba kulikuwa na baba mkubwa aliyefia vitani Afghanistan akiwa kijana, na kwamba picha yake haikutundikwa.

Bibi Sanobar alisimama, akafunga leso yake nyeupe ya kutokea. "Niletee mkongojo wangu," alisema. "Na wembe."

*

Kutoka Tutzor hadi kwa wakwe ni mwendo wa dakika arobaini kando ya mfereji, kwa mtu mwenye miguu. Tolib angempeleka kwa gari la jirani, lakini hakuombwa. Gavhar alimkuta bibi keshafika kwenye miforosadi ya kwanza, akamkimbilia huku amelikumbatia furushi la joho la buluu.

"Mama, ngoja basi! Hata kondoo hawaachwi hivi."

"Nani kakuita?"

"Sijaitwa. Nimekuja. Kosa langu, nitakwendaje kujificha?"

"Kosa letu," alisema Sanobar. Ni neno dogo, lakini miaka ishirini na nne ya ukaza mwana Gavhar hakuwa amelisikia. Miforosadi ilikuwa imeanza kutoa majani mapya. Katika siku kumi matawi yote haya yangekatwa na kupelekwa kwa viwavi, na miti ingebaki vigogo vitupu kama kila mwaka.

"Utawaambia nini?" Gavhar aliuliza.

"Sijui."

"Kama ni vigumu, sema ulimkatia marehemu Baba, halafu ukasahau kuitumia. Watakubali."

"Babako mkwe nilimvika kwa mikono yangu. Sitamvua leo kwa ajili ya Hafiza."

Waliendelea. Mbele kidogo bibi alisimama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu ambacho hakina kamba.

"Mara moja tu maishani nimetii, Gavhar. Unanijua. Mwenyekiti wa shamba la pamoja alinikoma, mullah alinikoma, mume wangu Mungu amrehemu alinikoma. Mara moja tu nilitii." Alinyanyuka. "Twende. Jua linapanda."

*

Furushi lilikuwa limewekwa nje, juu ya kigogo cha kupasulia kuni karibu na lango. Hawakutaka lilale chini ya paa lao. Kitambaa chekundu kilikuwa kimefungwa shagalabagala, na pembe ya sanda imechungulia. Sanobar aliiona, akaisukuma ndani kwa kidole kabla hata ya kusalimu.

Hafiza aliwakaribisha kwa sababu mgeni ni mgeni hata akija na balaa. Aliwaketisha, si mahali pa heshima mbali na mlango, bali karibu na viatu. Akamimina chai. Mgeni anayetakiwa humiminiwa kidogo, chini ya nusu bakuli, ili aongezwe tena na tena na mazungumzo yarefuke. Hafiza alimimina bakuli la Sanobar polepole, akalijaza mpaka chai ikafika ukingoni na kusimama. Maana yake inajulikana na mtoto mdogo: kunywa, uende.

Gavhar aliona akashusha macho. Bibi Sanobar alilichukua bakuli lile la kufukuzwa kwa mikono miwili, hakumwaga tone, akanywa funda moja.

"Chai nzuri," alisema.

Mkwe mkubwa wa nyumba, Bibi Khosiyat, mama yake Ergash, mume wa Hafiza, alikuwa ameegemea mito pale mahali pa heshima, tasbihi mkononi, meno hana. Umri wake na wa Sanobar ulikaribiana.

"Mimi ndiye niliyehesabu," alisema kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia vizuri. "Msiseme Hafiza anazusha. Vitano na vitatu. Na ile ya vitatu imekatwa kwa kijana, si mzee. Mabega mapana, urefu wa wastani. Mjukuu wangu Jamshid ana mabega mapana na urefu wa wastani!"

"Hatuna ugomvi na wewe, mama," alidakia Hafiza, akimgeukia Sanobar. "Lakini mimi nina mtoto wa kiume mmoja. Mmoja! Ningefanya nini nilipoona kile kitambaa? Nilihisi kama mtu amempima mwanangu akiwa usingizini. Usiku wote wa jana nilikuwa nakwenda kumsikiliza kama anapumua."

"Najua," alisema Sanobar.

"Hujui!"

"Najua, binti yangu."

Akamgeukia Gavhar. "Lilete."

"Ndani hapana," alisema Hafiza.

"Basi niletee kifuko peke yake. Kiko chini kabisa, kimeshonwa."

Gavhar alikwenda langoni, akarudi na kifuko cha kitambaa kigumu, ukubwa wa sahani. Sanobar alikipakata. Alitoa wembe, akakata nyuzi moja baada ya moja, na Gavhar alitaka kumsaidia asithubutu. Ndani ya kifuko mlikuwa na mkate wa tanuri, mkavu, mgumu kama kigae, umepoteza rangi. Aliuweka juu ya kitambaa cha chakula, uso juu, kama mkate unavyotakiwa kuwekwa. Ukingo mmoja ulikuwa na pengo la nusu mwezi. Alama za meno zilionekana bado.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kijana akitoka kwenda jeshini, kwenye mlango wa nyumbani hupewa mkate mzima, huuma mara moja, na mkate ule hutundikwa ukutani umngoje arudi aumalize.

"Rustam wangu," alisema Bibi Sanobar. "Wa kwanza. Alirudi kwenye sanduku la bati, limechomelewa pande zote. Ofisa mmoja alikaa siku mbili kwetu, anakula pilau yetu, kuhakikisha hatufungui. Nilileta nyundo na patasi. Mume wangu aliweka mkono juu ya mfuniko, akaniambia, Sanobar, usitie nyumba hii mashakani, tuna wengine watatu. Nikatii. Akazikwa hivyohivyo. Sikumwona. Sikumwosha. Nguo gani wamemvisha, mimi mamake sijui. Kama wamemvisha."

Alisema yote hayo kwa sauti ya kawaida, kama anaeleza bei ya majani. Kisha akaongeza:

"Kwa hiyo nimemkatia. Inakaa pamoja na yangu. Nikizikwa niende nayo, nimpelekee. Si ya Jamshid. Mungu ampe Jamshid wako miaka mia."

Hafiza alikuwa ameshika leso yake mdomoni. Bibi Khosiyat aliinama mbele, akaupapasa ule mkate kwa ncha ya kidole, mahali penye meno.

"Wa huyu wangu niliutundika miezi ishirini na sita," alisema, akionyesha mlango kwa kichwa, maana Ergash alikuwa amesimama pale, amerudi kutoka msikitini, hakuna aliyemsikia akiingia. "Siku aliporudi alivua buti, akautafuna mkavu hivyohivyo, jino likamvunjika. Nikacheka! Nikacheka mpaka nikalia."

Wivu ulimshika Bibi Sanobar. Miaka thelathini na mitatu alikuwa amehesabu kwamba huzuni yake imetulia, kumbe ilikuwa inangoja tu kusikia habari ya jino lililovunjika. Angetoa hariri yote aliyopata kuifuga, na macho yake mawili juu, amsikie Rustam akilalamika jino.

Ergash aliketi. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mguu mmoja hauinami vizuri.

"Mwaka gani, Mama?" aliuliza.

"Themanini na tatu. Mwezi wa kumi."

"Nilikuwa kule." Alilizungusha bakuli tupu la chai mbele yake. "Mwaka ule ule."

Hafiza alimtazama mumewe. Katika miaka yote ya ndoa hakuwa amemsikia akizungumza juu ya kule zaidi ya maneno matatu.

"Kabla ya masanduku kufungwa," Ergash alisema, "sisi vijana wa Kiislamu tulikuwa tunaomba ruhusa. Wakubwa wengine walikubali. Tuliwaosha wenzetu. Maji yalikuwa machache, lakini tuliwaosha."

"Na nguo?"

"Shuka za hospitali. Nyeupe. Tulizichana."

"Vipande vingapi?"

"Vitatu, Mama."

Bibi Sanobar alimtazama. Aliyelea watoto wanne na kuwasomesha wote anaujua uongo ukiwa bado uko kooni. Bakuli lilikuwa halijaacha kuzunguka mkononi mwa yule mwanamume. Pale penye pindo la jicho mshipa ulikuwa unacheza. Chochote alichokiona kule kwenye masanduku, hakikuwa shuka za hospitali, na alikuwa amekibeba peke yake tangu ujana, na sasa amejitwika na huu juu yake, kwa ajili ya bibi kizee asiyemjua, aliyemletea sanda nyumbani.

"Mungu akulipe, mwanangu," alisema. "Umeniondolea mzigo."

Ergash hakuinua macho.

Hafiza alisimama, akaenda kabatini. Gavhar alipoona anatoa nusu ya mkate, ule mpya wa posa, uliofungwa kwa kitambaa cheupe, alifikiria atamwambiaje Zebo. Hafiza aliuweka mkate juu ya kitambaa cha chakula, kando ya ule mkavu. Akaumega kwa mikono. Kipande akampa mama mkwe wake, ambaye alikitosa kwenye chai kwa kukosa meno, kipande kwa mumewe, kipande kwa Gavhar, kingine akakitia mdomoni mwenyewe na kukitafuna haraka huku machozi yanamtiririka.

"Ukishaliwa haurudishwi," alisema mdomo umejaa. "Kula, Mama Zebo. Unangoja nini?"

Kisha akachukua bakuli la Bibi Sanobar, chai ile iliyojaa pomoni ikiwa imepoa, akaimwaga. Akamimina mpya. Akamimina kidogo sana, haikufika nusu.

*

Viwavi waliletwa siku tatu baadaye, wadogo kama mbegu za ufuta, kwenye kisanduku kimoja cha karatasi. Bibi Sanobar aliwapokea mwenyewe, akawatandaza, akawakatia majani membamba kama nyuzi za kushonea, akamfukuza Tolib mlangoni kwa sababu alikuwa amepaka manukato.

Tolib hakwenda mbali. Alisimama nje ya dirisha.

"Mama. Nataka kutundika picha ya kaka. Pale kwenye msumari."

"Msumari ule ni wa mkate."

"Basi tundika mkate."

"Nyumba imejaa viwavi, unataka vumbi? Hariri ikishatoka. Na usilete msumari mwingine, uko huohuo, imara, baba yako aliupigilia." Alifikiri. "Picha utapigilia wako. Upande wa kulia."

"Upande wa kushoto kuna mwanga zaidi."

"Kulia, nimesema."

"Mama, kushoto ndiko jua linakopita. Kulia hataonekana."

Sanobar alibaki ameshika jani, akitabasamu kama mjinga. Mtu alikuwa anambishia.

Jioni, Gavhar alimsaidia kulifunga upya furushi katika chumba cha wageni. Safari hii lilipewa kitambaa cha kijani, wasije wakarudia yaleyale siku ya harusi. Waliweka leso, taulo, sabuni, kafuri. Waliweka vile vipande vitano. Kisha bibi akanyoosha vile vitatu juu ya magodoro, akavipangusa kwa kiganja, akaanza kuvikunja.

Gavhar alisita. Alikuwa ameanza kuwa na ujasiri wa kusema mambo.

"Mama, hiyo nayo irudi? Baba Jamshid si amesema waliwavika? Vipande vitatu, amesema."

"Amesema."

"Sasa?"

Bibi Sanobar alikunja kipande cha mwisho, pembe juu ya pembe, akakiweka juu kabisa, mahali ambapo mkono wa mtu utakifikia kwanza.

"Mtoto ametoka safari ya mbali, Gavhar," alisema. "Hata kama alivikwa, atataka nguo ya kubadili."